Waliuliza, Kisha Wakatazama

Kisa cha leo si cha sungura wala fisi. Ni cha mwaka 2005, zamani za juzi tu, na kinaanzia Thika, mji wa viwanda na mashamba ya mananasi, mwendo mfupi kwa matatu kutoka Nairobi. Wazazi wenu wanaukumbuka mwaka huo. Waulizeni fedha ilifikaje kijijini siku hizo. Watawaambia kwamba aliyepata mshahara mjini alitia noti kwenye bahasha, akamkabidhi kondakta wa basi au jamaa anayekwenda huko, kisha akampigia ndugu yake simu ili akaingoje stendi. Wengine walipanga foleni posta. Bahasha nyingine zilifika salama, nyingine zilifika zimepungua, na nyingine hazikuonekana tena, kondakta akiapa kwa jina la mama yake kwamba hajui lolote.

Mjini Thika, na Nairobi katikati ya jiji na mtaani Mathare, kulikuwa na vikundi vya wafanyabiashara wadogo waliokopa kwenye asasi ya mikopo iitwayo Faulu Kenya. Wanakikundi walikutana, kila mmoja akaleta marejesho yake mkononi, noti zikahesabiwa mbele ya macho ya wote, halafu zikapelekwa benki. Asiyelipa, wenzake walimlipia, maana kikundi kizima ndicho kilichokuwa mdhamini wake. Ukikosa kuja mkutanoni, watu waliuliza uko wapi. Liwekeni akilini jambo hili la mkutano, tutalirudia.

Huko Uingereza, katika kampuni ya simu ya Vodafone, kulikuwa na mtu aitwaye Nick Hughes. Alikuwa na swali moja: simu ya mkononi inaweza kumsaidia nini mtu asiye na akaunti ya benki? Mfuko mmoja wa serikali ya Uingereza ukakubali kusaidia kutafuta jibu, ukatoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikachangia sehemu yake. Mwaka huo wa 2005 mwenzake, Susie Lonie, alitumwa Nairobi kufanya kazi na watu wa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya. Wazo walilokuwa nalo lilikuwa safi kabisa kwenye karatasi. Mkopaji angepokea mkopo wake kwa simu na kuulipa kwa simu. Fedha taslimu angeziweka na kuzitoa kwenye duka la wakala, lile lile linalouza vocha. Hakuna kubeba noti, hakuna safari ya benki.

Hebu tusimame hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo ilipo kazi ninayotaka kuwasimulia.

Kabla ya programu yoyote kuandikwa, iwe ya benki, ya hospitali au ya kuuza tiketi za basi, lazima awepo mtu wa kujua programu hiyo inatakiwa kufanya nini hasa, na kwa ajili ya nani. Ofisini mtu huyo huitwa mchambuzi wa biashara. Anakaa kati ya pande mbili zisizosikilizana. Upande huu wapo wenye shida, wanaoijua shida yao lakini hawajui kompyuta. Upande ule wapo watengenezaji, wanaoijua kompyuta lakini hawajawahi kusimama kwenye ile foleni. Fundi cherehani mzuri hagusi mkasi kabla ya kukupima mabega na kiuno, na kukuuliza nguo ni ya harusini au ya shambani. Mchambuzi naye hufanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba anampima mtu asiyejua anataka nguo gani, na mara nyingi watu wenyewe ni elfu moja na miili haifanani.

Matokeo ya kupima huko huitwa mahitaji. Kukusanya mahitaji kunasikika kama kazi nyepesi. Unakwenda, unauliza, unaandika, unarudi. Ingekuwa hivyo, dunia isingejaa programu zilizogharimu mamilioni na ambazo hakuna anayezifungua.

Turudi Thika. Lonie na wenzake hawakujenga kitu kikubwa moja kwa moja. Walianza na majaribio, mwezi Oktoba 2005, kwa wateja wasiofika 500 na maduka machache ya mawakala. Wateja wale walipewa simu na laini mpya zenye menyu ya huduma, wakafundishwa kuitumia. Mafunzo peke yake yalikuwa shule kwa walimu wenyewe. Wateja wengi hawakuwa wamezoea hata kuandika ujumbe mfupi. Namba ya siri ilisahaulika. Jambo ambalo mhandisi alilihesabu kuwa dakika moja likachukua asubuhi nzima. Haya hayakuwamo kwenye karatasi.

Halafu likaja lile ambalo hakuna aliyelipanga. Watu wakaanza kuitumia huduma ile kwa mambo ambayo haikutengenezewa.

Mfanyabiashara mmoja akamlipa mwenzake kwa simu badala ya noti. Wenye maduka wakaweka mauzo ya siku kwa wakala jioni, benki zikiwa zimeshafungwa, ili fedha isilale dukani. Wakaifanya simu kuwa kasiki ya usiku. Waliosafiri kati ya Nairobi na Thika waliweka fedha kwa wakala wa huku kabla ya kupanda gari, wakazitoa kwa wakala wa kule walipofika, ili mwizi wa njiani asiambulie kitu. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwarushia ndugu zao walio mbali, kama namna ya kuwatumia fedha. Na wapo walioituma fedha kwa watu wasiokuwamo kabisa kwenye majaribio, mtu akikwama mahali bila nauli.

Mwangalizi mvivu angeyaona yote haya kuwa makosa ya watumiaji. Angewaandikia barua kuwakumbusha kwamba huduma ni ya marejesho ya mikopo tu. Lonie na wenzake waliyaandika daftarini, wakakaa wakayatazama.

Wakati huohuo lile wazo la mikopo lilikuwa linachechemea. Kumbukeni mkutano wa kikundi. Mtu akishalipa kwa simu akiwa nyumbani, ana haja gani ya kuja kukaa kwenye benchi saa mbili? Wakaanza kukosekana, na kukosekana huko kulitikisa msingi wa mkopo wenyewe, maana dhamana ilikuwa ni watu kuonana uso kwa uso. Huku ofisini, makarani wa mikopo walikuwa bado wanafanya hesabu kwa njia zao za zamani, hivyo malipo ya simu yaliwaongezea kazi ya kulinganisha orodha mbili. Kitu kilichokusudiwa kurahisisha kikawa mzigo wa pili.

Uamuzi uliofuata ndio unaonifanya niwasimulie kisa hiki. Waliliweka kando wazo la mikopo, lile lile lililowaletea fedha za kuanzia, na wakaufuata mwendo wa watu. Machi 2007 Safaricom ilipozindua huduma ile kwa nchi nzima, ujumbe wake ulikuwa mfupi: tuma pesa nyumbani. Jina lake mnalijua. M-Pesa. Kabla mwaka ule haujaisha, wateja walikuwa wameshapita milioni 1.

Sasa niwaambie jambo ambalo wakubwa wengi hulipita haraka. Hakuna mtu yeyote Thika aliyejaza fomu akaandika, "Nahitaji kutuma fedha kijijini kwa simu." Haja ilikuwepo, ilikuwa kwenye kila bahasha iliyobebwa na kondakta. Hata Uganda jirani watu walikuwa wameshajitafutia njia: mtu wa mjini alinunua vocha, akamsomea namba zake mwenye simu ya kulipia kijijini, na yule akatoa fedha taslimu kwa mzazi wa mpigaji baada ya kukata chake. Njia ile waliiita sente. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wameshaijenga huduma kwa kamba na gundi kabla ya kampuni yoyote kuijenga kwa kompyuta. Mchambuzi hodari anatafuta kamba na gundi. Akiona watu wamejitengenezea njia ya mkato, anajua ameikuta haja ya kweli, maana hakuna anayehangaika kutengeneza njia ya mkato kwenda mahali asipotaka kufika.

Ila kuuliza nako ni ufundi. Tuseme kijana mchambuzi ametumwa mitaa ya Mbagala, Dar es Salaam, kuchunguza kama wenye maduka wanahitaji programu ya kutunza hesabu. Anaingia duka la kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, ungependa kuwa na programu ya simu ya kukusaidia hesabu za duka?"

"Ningependa sana, mwanangu. Mungu awabariki kwa kutufikiria."

Anatoka anatabasamu. Duka la pili, jibu ni lile lile. La kumi, lile lile. Anarudi ofisini na ripoti kwamba wote wanaitaka. Kumbe hakupata habari yoyote. Amepata adabu. Kwetu mgeni aliyetembea juani hasemwi vibaya, hasa akiwa mtoto wa watu mwenye heshima. Ungemuuliza mama yule kama angependa programu ya kuhesabu mawingu, angekujibu angependa sana.

Mpeni kijana yule nafasi ya pili. Safari hii ananunua soda, anakaa kwenye kreti, anatazama wateja wawili watatu wakihudumiwa, halafu anauliza:

"Mama, mtu wa mwisho kukukopa alichukua nini?"

Mama anacheka. Anavuta daftari kutoka chini ya mizani, lina penseli iliyofungwa kwa uzi. "Huyu hapa. Mama Kulwa. Sukari nusu, sabuni mche mmoja, na mafuta ya kula."

"Na huyu aliyeandikwa Geti Jeusi?"

"Huyo ni baba mpangaji mpya. Jina lake silijui, anakaa nyumba ya geti jeusi. Lakini mlipaji mzuri."

"Hii alama ya mkato je?"

"Kalipa nusu, nusu bado."

"Na hawa wa ukurasa wa nyuma, mbona hawana tarehe?"

Mama anapunguza sauti. "Hao ni ndugu wa mume wangu. Hao siwadai. Naandika tu nijue mwenyewe."

Tazameni alichokipata kwa daftari moja la senti chache. Kwanza, programu ikimlazimisha mama kujaza majina matatu na namba ya kitambulisho cha mdaiwa, Geti Jeusi hataandikwa, na mama atarudi kwenye penseli. Pili, deni linalipwa kwa vipande. Tatu, kuna madeni yasiyodaiwa; programu ikijifanya hodari ikawatumia mashemeji ujumbe wa kuwakumbusha, itavunja nyumba ya watu. Nne, na hili aliliona kwa macho wala hakuambiwa, mama anaandika huku mkono mmoja una unga na mteja mwingine anagonga kaunta kwa sarafu. Kama programu haiendi kwa kasi ya penseli, imeshashindwa.

Swali la kwanza lilihusu kesho ambayo haijafika, na kuhusu kesho kila mtu anaweza kukudanganya bila kukusudia. Swali la pili lilihusu jana, na jana ina ushahidi chini ya mizani. Mimi nikitaka kumjua mchambuzi mzuri na mbaya, sisomi ripoti yake. Nasikiliza kama anauliza "ungependa" au anauliza "ulifanyaje".

Baada ya hapo ndipo kuandika kunapoanza, na kuandika mahitaji si kuandika insha. Sentensi "programu iwe rahisi kutumia" inapendeza, lakini haisaidii mtu. Rahisi kwa nani? Kwa mtengenezaji aliyezaliwa na simu mkononi, au kwa mama wa miaka sitini? Mchambuzi anaiandika upya: mwenye duka aliyeonyeshwa mara moja tu aweze kuandika deni jipya kwa muda usiozidi sekunde 15, hata kama intaneti imekatika. Sentensi hii unaweza kuipima kwa saa ya ukutani. Ikishindwa, wote mtaona imeshindwa, hakuna ubishi. Halafu lazima apange kipi kitangulie, kwa sababu fedha na muda havitoshi kamwe. Mwaka 1994 Dai Clegg, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya Oracle nchini Uingereza, alibuni mafungu manne ambayo wachambuzi wanayatumia hadi leo: yaliyo lazima, yanayofaa kuwepo, yanayoweza kuwepo nafasi ikiruhusu, na yale ambayo safari hii hayatakuwepo. Fungu la nne ndilo gumu kuliko yote. Kumwambia bosi kwamba wazo lake analolipenda limeingia fungu la nne kunataka moyo.

Na mkidhani haya ni mambo ya kompyuta peke yake, nendeni nami kusini mwa Afrika.

Huko kulikuwa na kifaa kiitwacho PlayPump. Ni bembea ya kuzunguka, ile watoto wanayoishika na kukimbia nayo, imeunganishwa na pampu ya kisima. Watoto wakicheza, maji yanapanda kwenye tangi la juu, na kuta za tangi zinabeba matangazo yanayolipia matengenezo. Nani asingelipenda wazo hili? Mwaka 2000 lilipata tuzo ya Benki ya Dunia. Mwaka 2006 Laura Bush, mke wa rais wa Marekani wa wakati huo, alitangaza msaada wa dola milioni 16.4, na lengo likawa kufikisha pampu 4,000 ifikapo 2010 katika nchi kumi za Afrika.

Kisha wakaja watu wenye kalamu na kikokotoo. Gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2009: ili pampu moja itoshe watu 2,500 kama ilivyoahidiwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Siku, kama mnavyojua, ina saa 24. Waandishi waliokwenda Msumbiji waliwakuta akina mama, wengine wazee, wanasukuma bembea ile wenyewe, maana watoto wako shuleni au wamechoka, na ndoo lazima ijae chakula kipikwe. Kuna sehemu ambako pampu ya mkono iliyokuwa ikifanya kazi iling'olewa ili kuipisha bembea. Kifaa kilipoharibika, hakuna fundi wa kijijini aliyeweza kukitengeneza. Mwaka 2010 shirika la Marekani lililokuwa likiisukuma kampeni ile lilikuwa limeshaachana nayo na kukabidhi pampu zilizobaki kwa wengine.

Waliokuja na kifaa kile hawakuwa watu wabaya. Walisikilizwa wabunifu, wafadhili na wapiga picha, na picha za watoto wakicheka zilikuwa nzuri kweli. Aliyekosa kuulizwa ni yule anayebeba ndoo. Angeulizwa jana alichota maji saa ngapi, ndoo ngapi, na watoto walikuwa wapi saa hiyo, hesabu ya saa 27 ingejitokeza kabla ya dola ya kwanza kutumika. Swali moja, asubuhi moja, kando ya kisima kimoja. Nakiri hasira yangu juu ya kisa hiki haijapoa.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata waliokwisha kufaulu. Ni kudhani kwamba ulichokijua mahali pamoja unakijua kila mahali. Aprili 2008 M-Pesa ilivuka mpaka ikaingia Tanzania kupitia kampuni ya simu ya Vodacom. Jina lile lile, wazo lile lile, lugha ile ile ya Kiswahili. Miezi 14 baada ya kuanza, Kenya ilikuwa imefikisha watumiaji milioni 2.7. Tanzania, kwa muda huo huo tangu ianze, ilikuwa na 280,000. Kulikoni? Nchi ni pana zaidi na watu wametawanyika, hivyo wakala mmoja hapa na mwingine kule hawaonekani. Kenya, Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la simu. Tanzania wateja walikuwa wamegawanyika kwenye mitandao kadhaa yenye nguvu. Waliohusika ikawabidi warudi kuchunguza upya: namna ya kuwapata na kuwasimamia mawakala, namna ya kupanga ada, namna ya kuieleza huduma. Walirekebisha, na leo hakuna haja ya kumweleza Mtanzania maana ya *150*00#, namba ya kufungulia huduma hiyo.

Afrika Kusini mambo yalikwenda vingine. Huduma ilianza huko mwaka 2010, ikashindwa kushika, ikazinduliwa tena 2014, na tarehe 30 Juni 2016 ikafungwa. Wenyeji wengi walikuwa na akaunti za benki tayari, na fedha waliweza kuzituma kwa kupitia benki au supamaketi. Haja iliyokuwa inawaka moto Thika, kule ilikuwa imeshapata wa kuizima. Fedha na wahandisi walikuwepo. Kilichokosekana ni shida yenyewe.

Kwa hiyo mchambuzi anapofika mahali papya anatakiwa afike mtupu, na hili ni gumu kwa mtu aliyesifiwa jana. Anaanza kwa kujua wahusika wote, sio wale wenye viti vya kuzunguka tu. Kwenye hospitali, mathalani, daktari mkuu atamwambia mfumo unatakiwa kutoa takwimu. Karani wa mapokezi atamwambia kwamba saa mbili asubuhi watu mia moja wamesimama mbele yake na umeme umekatika. Wote wawili wanasema kweli. Anakusanya fomu zinazotumika, na anatazama hasa vile visanduku ambavyo hakuna anayevijaza. Anawakutanisha wanaopingana katika chumba kimoja, maana mahasimu wawili wakihojiwa mbalimbali kila mmoja hutoa mfumo wake. Anachora mfano kwenye karatasi na kumpa mtumiaji aguse kwa kidole kana kwamba ni simu, aone anapokwama. Karatasi ni rahisi kuichana. Programu iliyokwisha kuandikwa ina wenyewe, na wenyewe huitetea.

Na kazi haiishi siku ya uzinduzi. Mnakumbuka watumiaji wa M-Pesa walivyokuwa wanalia kwamba wamekosea namba moja na fedha imekwenda kwa mgeni? Haja ya kuwakinga na kosa hilo haikuonekana mwanzoni, wateja walipokuwa wachache na makini. Watumiaji walipokuwa mamilioni, wakituma gizani, wakiwa wamelewa, wakiwa ndani ya daladala, makosa yakawa ya kila siku. Ndiyo maana sasa simu inakuonyesha jina la mpokeaji na kukupa nafasi ya kusitisha. Nyuma ya jina lile linalotokea kwenye kioo kuna mtu aliyekaa na orodha ya malalamiko akayasoma moja baada ya jingine.

Mtaniuliza, kazi hii inasomewa wapi? Wengi huingia kupitia masomo ya kompyuta, biashara au takwimu, na tangu 2003 kuna taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara, yenye makao Kanada, inayotoa mitihani na vyeti. Vyeti ni vizuri. Lakini wapo walioanza wakiwa makarani wa benki, wauguzi, hata walimu, wakaitwa kwa sababu wao ndio waliojua kazi inavyofanyika kwelikweli, halafu wakabaki hukohuko. Hisabati itawasaidia. Lugha itawasaidia zaidi kuliko mnavyodhani, kwa sababu nusu ya siku ya mchambuzi ni kusikiliza na nusu nyingine ni kuandika sentensi isiyoweza kueleweka kwa namna mbili. Na mwenye haya asijitoe mapema. Kuna wahojiwa ambao hufunguka tu mbele ya mtu mtulivu.

Basi jaribuni wenyewe wiki hii. Chagueni jambo moja linalokera shuleni kwenu: foleni ya bomba, maktaba inayofungwa mapema, chakula kinachobaki kila Jumatano. Siku ya kwanza msimuulize mtu yeyote, tazameni tu na kuandika. Siku ya pili mtafuteni yule ambaye hajawahi kuulizwa, huenda ni mpishi, mlinzi, au mtoto wa darasa la kwanza asiyefikia koki. Muulizeni jana ilikuwaje. Msimuulize angependa nini. Kisha andikeni sentensi tano zinazopimika, mmsomee, na akizifuta tatu mkubali zifutwe. Mbili zitakazobaki zipelekeni kwa mwalimu mkuu, maana yeye ndiye mwenye bajeti.